Nguo ya Mtoto Hailali Nje

Kianda, Kibera
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama yangu,

Kabla ya neno lolote, pokea salamu. Magoti je, bado yanalia ukipanda ile ngazi ya tangi? Na yule kuku wako wa shingo uchi, mwenye kiburi, bado analala juu ya cherehani? Sisi huku tuko wazima. Mtoto ana meno mawili ya chini, na yote mawili ameshayajaribu kwa kidole changu.

Naandika Kiswahili kwa maana Gikuyu chetu mimi ni wa kuongea tu, kukiandika hakuna aliyenifunza. Na naandika kwa karatasi kwa sababu simu zangu unazikata. Nimepiga tangu mtoto azaliwe. Inaita mara mbili, halafu unakata. Nikajua hasira bado iko, nikaacha kupiga.

Halafu jana Jael akaja. Unamjua Jael wa mboga, yule hununua sukuma huko soko ya Kawangware asubuhi na kutuuzia hapa Kianda. Alitua gunia, akafuta uso na leso, akasema, "Manze Tabby, mamako amenisimamisha pale kwake Kawangware 46. Ati nikwambie hivi: rudi nyumbani na mtoto."

Nikamuuliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Kwani ulitaka hotuba?"

Mama, hayo maneno manne nimeyabeba tangu jana kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Natembea nayo polepole yasimwagike. Kwa maana nakumbuka lango. Nakumbuka tumbo la miezi minane, na wewe umesimama na wamama wa kanisa nyuma yako, ukisema nisiingie hapo mpaka nije na baba ya mtoto. Baba ya mtoto alienda Mombasa kazi ya siku kumi, na hizo siku kumi hazijaisha hadi leo. Nikageuka na begi langu. Nilitembea polepole sana mpaka kona ya posho mill, pale wanaposaga unga, nikingoja uniite. Hukuniita.

Leo mchana, mtoto akinyonya, nimesinzia na nimeota uwanja wako. Ulikuwa umejaa ukungu mweupe kama maziwa, nawe ulikuwa unaufagia na ule ufagio wa vijiti, unaufagia na unarudi. Maparachichi yalianguka kutoka kwa mti bila sauti. Nilikuita lakini mdomo wangu nao haukuwa na sauti. Nilipoamka mtoto alikuwa ananitazama kama mtu mzima.

Sijui kama ndoto hiyo ni Mungu au ni uchovu wa kusuka watu nywele. Nataka kwenda mahali Mungu ananielekeza, si mahali moyo unanivuta. Moyo niliwahi kuufuata, unaona ulinifikisha wapi. Nipe wiki mbili niombe.

Msichana wako,
Tabby


Kawangware 46
Jumanne, 11 Februari 2025

Tabby,

Salamu nimezipokea, nami nakurudishia zako na za huyo mwenye meno. Magoti yako mahali pake, chini ya mapaja. Kuku wa shingo uchi tulimla Krismasi, alikuwa mgumu kama tabia yake.

Barua yako nimeisoma siku tatu. Naweka kiti katikati ya uwanja saa sita, jua likiwa juu ya kichwa, nasoma. Ukiandika tena, andika herufi kubwa kama za mtoto wa nasari, na uandike na kalamu nyeusi. Hizo zako za buluu ni kama siafu wanahama.

Jael aliniambia jina la mtoto. Valerie. Nikamuuliza Jael, Valerie ni nani kwetu? Wewe unajua vizuri kwamba msichana akizaa kabla ya kuolewa, binti wa kwanza anachukua jina la shosho yake, mama wa huyo msichana. Angekuwa Wacera. Kila ukimwita yeye, ungekuwa unaniita mimi. Sikuuliza kwa ubaya. Niliuliza tu.

Chumba cha tatu kiko wazi tangu Desemba. Wamekuja watu kukitaka, nimewakataa. Muiruri, yule fundi viatu wa chumba cha kwanza, ananiambia, "Mama Tabby, hiki chumba unangojea malaika?" Nikamwambia ashughulike na soli.

Omba, sikukatazi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufunza kupiga magoti. Lakini uje kabla ya mvua ndefu. Kwa nini, hilo ni langu. Uje tu kabla ya mvua.

Mama yako,
Wacera


Kianda, Kibera
Ijumaa, 21 Februari 2025

MAMA YANGU,

Unaona nimeandika kubwa. Karatasi sita zimeisha na bado sijasalimia. Uko aje? Umelala vizuri? Sisi tuko sawa, isipokuwa mtoto amejifunza kupiga mayowe ya furaha, na anayapiga watu wakiomba.

Kwanza jina. Valerie ni muuguzi. Ile siku ya kuzaa nilipiga simu yako mara tano, na kila mara ikakatwa. Huyo muuguzi alikuwa amemaliza zamu, amevaa sweta yake ya kwenda nyumbani. Akaniona naangalia simu. Akaweka mkoba chini, akanishika mkono mpaka mwisho. Mama, nilitaka kumwita Wacera. Jina lilikuwa mdomoni. Lakini nilimpa jina la aliyekuwa pale.

Sasa lile nililongoja. Jumapili mhubiri wetu, Ndugu Mbuthia, alifundisha juu ya Gideoni, vile aliweka ngozi ya kondoo nje ili ajue neno la Mungu, mara ngozi inalowa umande na nchi ni kavu, mara nchi inalowa na ngozi ni kavu. Nikasema, haya, yangu imefika.

Ngozi ya kondoo sina. Nina shali ya Valerie, ile nyeupe niliyofuma mwenyewe nikiwa na mimba. Sufu inatoka kwa kondoo, nikaona Mungu hatanisumbua kwa hilo. Jumanne jioni nikaianika peke yake kwenye kamba ya ploti, ile ya wapangaji wote, nikabana na pegi mbili, nikaomba hivi: Bwana, shali ikilowa umande kama vitu vyote, naenda kwa mama. Lakini kama unataka nibaki hapa, kila kitu kilowe, shali peke yake iwe kavu.

Unaona niliifanya iwe rahisi kuja. Ni muujiza tu ungenizuia.

Asubuhi nilitoka kabla jua halijachomoza. Kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya mabati, kila bati linang'aa kama limepakwa mafuta. Kamba ilikuwa inadondosha matone. Ndoo, mawe, majani ya sukuma kwenye magunia, vyote vimelowa. Nikashika shali. Mama, ilikuwa kavu. Haikuwa kavu tu, ilikuwa na joto, kama mkate uliotoka kwa oveni sasa hivi. Na ilikuwa inanukia. Sijui nikuelezeeje hiyo harufu. Ilikuwa tamu na ya mbali, kama mtu amevaa nguo za arusi na amepita karibu nawe bila kukugusa. Nilijifunika uso nayo nikapiga magoti kwenye matope.

Basi Mungu amesema nibaki. Sijui sababu yake. Nimelia, lakini sitakudanganya, kuna sehemu yangu ndogo ilipumua. Lile lango bado naliogopa.

Nisamehe. Si mimi nimekataa.

Msichana wako,
Tabby


Kawangware 46
Jumamosi, 1 Machi 2025

Tabby,

Uzima upo. Natumaini na wewe na mtoto hivyo hivyo.

Kama Mungu amesema, mimi Wacera ni nani? Siwezi kugombana na mtu ambaye nguo zake zinaongea.

Lakini nitasema moja kwa sababu ni mimi niliyekuzaa. Huyo mhubiri wenu alianza hadithi katikati. Soma nyuma. Gideoni alikuwa ameshaambiwa aende. Aliambiwa wazi, tena akaitwa shujaa. Ngozi aliileta baadaye, kwa sababu ya uoga. Mungu alimvumilia, kama vile mtu anavyomvumilia mtoto anayeuliza swali ambalo limeshajibiwa.

Kuhusu simu ya siku ile, kuna kitu ningekwambia, lakini si kwa barua.

Chumba cha tatu nitampa mtu mwisho wa mwezi. Au sitampa. Nitaona. Nilitaka tu kumwona huyo mtoto.

Mama yako,
Wacera


Kianda, Kibera
Jumamosi, 22 Machi 2025

MAMA YANGU,

Habari za siku nyingi? Uko mzima? Wiki tatu sijasikia neno kutoka kwako, na nimeandika kubwa zaidi safari hii.

Barua yako ya mwisho mistari ilikuwa imepandana, mmoja juu ya mwingine, kama uliandika ukitembea. Nilidhani ni hasira. Nimeisoma kwa kuigeuza geuza.

Valerie anasimama akishika ndoo. Mvua imeanza huku, hiyo ya kutania, inanyesha upande mmoja wa njia. Nilisoma nyuma kama ulivyosema. Ni kweli aliambiwa kwanza. Lakini Mama, shali ilikuwa kavu. Niifanye nini ile shali?

Msichana wako,
Tabby


Kianda, Kibera
Jumatatu, 14 Aprili 2025

MAMA,

Salamu sana. Jael amebeba barua yangu mara tatu na kurudi nayo, mara ya nne akaipitisha chini ya lango. Anasema mlango wa nyumba yako una kufuli, na Muiruri amemwambia umesafiri. Wapi? Muiruri hasemi. Ati ameapa. Jael akamwambia, "Wewe fundi, kiatu kina ulimi kuliko wewe." Akaendelea kugonga soli.

Ni mimi nimekukasirisha? Niambie hata neno moja. Nimeota tena ule uwanja, lakini safari hii ufagio uko chini na wewe haupo.

Tabby wako


Kianda, Kibera
Jumatatu, 28 Aprili 2025

MAMA YANGU,

Popote ulipo, uwe mzima. Sisi tuna afya. Naandika haraka kabla Jael hajaondoka, kwa hivyo zikiwa mbaya herufi usinicheke.

Hapa ploti mwenyewe ni Mabrouka, mama wa Kinubi, mtu mzima wa rika lako. Chumba changu na chake tumegawana ukuta wa bati moja. Akikohoa, mimi ndiye naambiwa pole. Juzi Jumamosi nilikuwa natia mteja matuta, vidole vimejaa nywele, mvua ikashuka bila kubisha hodi. Nikapiga kelele, "Nguo za mtoto!" Mteja akasema, "Tulia, Mabrouka ameshaanua." Huyo ndiye huanulia ploti nzima.

Mvua ilipopungua nikaenda kuzichukua. Chumba chake kilikuwa na moshi mwepesi unaopanda kama uzi. Shali ya Valerie alikuwa ameitandaza juu ya kiti karibu na jiko, na kando yake kuna kile chungu chake kidogo cha kufukizia. Nikaishika. Ilikuwa na joto. Nikaileta puani.

Mama, nilisimama kama mtu aliyekosea nyumba.

Mabrouka akaniangalia. "Mama Valerie, mbona uso umekauka?"

"Hii harufu."

"Ni udi. Nafukiza nguo za wajukuu wangu, nikafukiza na ya wako. Kuna dhambi?"

"Umeshawahi kuianua tena hii? Mwezi wa pili?"

Akacheka mpaka meno ya nyuma. "Mara ngapi! Wewe msichana msahaulifu sana. Siku moja uliiacha peke yake kwenye kamba na jua linazama. Nikasema, masikini, amechoka. Kwetu nguo ya mtoto hailali nje. Bibi yangu alitukataza, ikipigwa na umande mtoto anashikwa na kifua. Nikaiingiza ndani, nikaikausha na kuifukiza, ikalala hapa kando ya jiko. Alfajiri nilipoamka kuswali, nikairudisha pale pale, pegi mbili, usije ukajua ukaona haya."

Nilikaa kwenye sakafu yake. Nikamwambia yote, kuanzia Gideoni. Mwanzo alikuwa bado anatabasamu, halafu akaacha.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mamako alikuita?"

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wa Jael."

"Ukasikia?"

"Nikasikia."

"Sasa mtu amekuita, umesikia, halafu unaenda kuuliza shali?" Alipiga viganja. "Mimi kitabu chenu sikijui, binti yangu. Lakini mama akiita, mtu huitika kwanza. Maswali baadaye, hata njiani." Kisha akafunika mdomo. "Lahaula! Basi mimi ndiye nimekufungia njia!" Akaanza kulia, nikawa mimi ndiye wa kumbembeleza. Valerie akatucheka wote wawili.

Mama, nimefikiri siku mbili. Nilitaka nikasirike kwamba Mungu aliniacha nipige magoti kwenye matope kwa sababu ya udi wa jirani. Lakini sikumkasirikia. Alikuwa ameshasema. Alisema na mdomo wako ulio na ukali, na mdomo wa Jael uliojaa harufu ya vitunguu, na mimi sikuona kama hiyo inaweza kuwa sauti yake. Nilingoja kitu cheupe kinachoelea. Na zaidi ya hapo, nitasema ukweli: nilikuwa nimekungoja pale kona ya posho mill miezi yote hiyo uniite, na ulipoita, nilitaka na wewe ungoje kidogo.

Nisamehe kwa hilo.

Nakuja Jumamosi, tarehe tatu. Sijaanika kitu, sijaomba ishara. Kama lango limefungwa nitakaa nje na mtoto mpaka mtu alifungue. Kama wewe hauko, nitamngoja aliye na funguo.

Msichana wako,
Tabby


Kawangware 46
Jumatano, 30 Aprili 2025

Tabby, msichana wangu,

Hii ni mkono wa Muiruri, lakini maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze chumvi. Salamu kwako, kwa mtoto, na kwa huyo mama wa Kinubi. Nimerudi jana.

Nilikuwa hospitali ya macho, halafu kwa dada yangu Wakarima huko Limuru, nikilala chali kama mtu aliyeagizwa kuhesabu mbao za dari. Ni presha ya macho. Ilianza pole pole, miaka miwili sasa, kutoka pembeni ikija katikati. Januari daktari aliniambia hata akinipasua hawezi kuahidi, na kwamba mvua ndefu zikifika huenda nisione mtu. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limebaki na tundu, kama tundu la ufunguo. Naona kwa hilo, jua likiwa kali.

Sasa unajua kwa nini nilisema kabla ya mvua. Na unauliza mbona sikuandika hivyo tangu mwanzo. Kwa sababu ungekuja kumhurumia kipofu. Nilitaka uje kwa kuwa nimekuita. Ni kiburi, najua. Kuku alikitoa kwangu.

Na simu. Tabby, simu sikukata kwa hasira. Sikuweza kusoma jina. Nilikuwa naona mwanga tu unaruka, na hawa wezi wa simu walikuwa wamenisumbua, nikawa nakata kila inayoita. Ile siku ya kuzaa nilikata mara tano. Nimezihesabu kwenye barua yako, nikazihesabu tena. Muiruri anataka kupumzika hapa, lakini nimemwambia aendelee.

Barua yako ya shali amenisomea mara mbili. Huyo mama hakuweza kuacha nje nguo ya mtoto wa watu, mtoto asiye wa damu yake wala dini yake. Mimi mtoto wangu mwenyewe nilimwacha nje ya lango, tumbo likiwa hapa mbele, na mawingu yalikuwa yameshafunga. Nilikuona ukitembea polepole. Wakati huo bado nilikuwa naona mpaka posho mill. Nilijua unangoja. Wamama walikuwa nyuma yangu, nikaona haya kukuita mbele yao. Nikasema nitamwita kesho. Kesho nikasema kesho.

Naomba unisamehe. Hilo andika kubwa, Muiruri.

Kuna kitu nimejifunza nikiwa gizani, nikupe kabla sijasahau. Siku hizi natembea nikishika ukuta. Ukuta hauniambii mlango uko wapi. Haunionyeshi mwisho wa nyumba. Unaniambia tu hatua hii moja, mguu uweke hapa. Nikiuachia nianze kutafuta mlango kwa mikono hewani, naanguka. Nafikiri Mungu ametuongoza hivyo siku zote, ni vile tu nilikuwa na macho nikadhani naona njia.

Njoo Jumamosi. Fika saa sita, jua likiwa wima, ndipo tundu linafunguka. Mawingu yakiwa mengi, sijui. Tutaona. Au hatutaona. Njoo tu.

Mama yako,
Wacera

Na mimi Muiruri nasema: chumba cha tatu nimepaka rangi. Kumbe malaika walikuwa wawili.


Kianda, Kibera
Alhamisi, 1 Mei 2025

MAMA,

NAITIKA.

Tabby


Kawangware 46
Jumatatu, 5 Mei 2025

Tabby,

Uko mzima? Mtoto amelala vizuri tangu Jumamosi? Hii ni mkono wangu mwenyewe. Muiruri ameniwekea rula kwenye karatasi, naandika juu yake, nikifika mwisho nashusha. Karatasi moja, mistari michache. Nimeanza jana.

Ulisema siku tatu za kufunga vitu na kumalizia wateja, ndipo mje kukaa. Leo ni ya pili. Nahesabu.

Mawingu ya Jumamosi ulidhani nimeyakasirikia nilipokaa kimya kwenye kiti na mtoto mapajani. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nangoja. Na ile dakika jua lilipotoka, ulikuwa umeenda kuangalia chumba, kwa hivyo hukuona, wacha nikwambie.

Nilimwona. Si mzima kwa mara moja. Tundu ni dogo. Niliona sikio kwanza. Nikasogeza kichwa, nikaona shavu lina tone la uji. Nikasogeza tena, kidevu, na hicho kidevu ni cha mama yangu, kile chenye shimo. Halafu jicho moja, linaniangalia bila uoga. Halafu meno, yamekuwa manne, si mawili. Nilikuwa nampanga kipande kwa kipande, kama mtu anavyoshona viraka, mpaka akawa mmoja. Sasa nikifumba macho yuko mzima. Hata hili tundu likifunga, yeye ameshaingia ndani.

Nilimwita Wacera, kimya kimya, mara moja tu, nijue linasikikaje. Hakugeuka. Nikamwita Valerie. Akapiga ule ukelele. Basi. Yule muuguzi alikaa mahali pangu siku ile, jina ni lake kwa haki. Libaki. Siku moja nipeleke nimshike mkono.

Mama Mabrouka mwambie chumba cha nne kinapata jua la asubuhi, akichoka na Kianda. Na mwambie udi wake bado uko kwenye blauzi yangu, pale mtoto alipoegemea na shali yake. Wamama wa kanisa wamekuja jana wakaniuliza ni manukato gani. Nimewaambia ni ya mjukuu wangu.

Sasa nisikie vizuri. Leo nimefua blanketi jipya la Valerie kwa mikono yangu, nimelianika kwenye kamba ya uwanja, nikipapasa pegi moja moja. Nitalianika tena kesho baada ya kulisuuza, halijaacha kutoa rangi. Muiruri kesho ataenda kununua ngozi za viatu, na mimi jua linapozama silijui, kwangu linazama linavyotaka.

Njoo kesho uanue, mami. Nguo ya mtoto hailali nje.

Shosho ya Valerie